MTOTO AKIZALIWA NA KILO NYINGI

Safu yetu ya Mama na Mtoto

Mwezi huu tutazungumza juu ya namba moja. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi ya mtoto siku anapozaliwa. Ni namba ya uzito wake.

Wazazi wengi hupewa kadi, wakaikunja na kuiweka sandukuni. Wewe sasa unajua kusoma. Itoe kadi ya mtoto wako. Tafuta neno "uzito". Soma namba iliyoandikwa hapo.

Huenda utaona 2.9. Huenda utaona 3.2. Maana yake ni kilo 3 na gramu 200. Lakini tuseme umeona 4.3. Hizo ni kilo 4 na gramu 300. Huyo ni mtoto mkubwa. Je, ufurahi au uogope?

Tutajibu swali hilo polepole, hatua kwa hatua.

Mtoto mkubwa ni yupi?

Watoto wengi huzaliwa na uzito wa kati ya kilo 2 na nusu na kilo 4. Mtoto mwenye chini ya kilo 2 na nusu ni mdogo. Mtoto mwenye kilo 4 au zaidi ni mkubwa. Akifika kilo 4 na nusu, ni mkubwa sana.

Watu wengi wanajua kwamba mtoto mdogo anahitaji uangalizi. Jambo hilo limefundishwa kliniki kwa miaka mingi. Lakini mtoto akiwa mkubwa, watu hupiga vigelegele na kusahau mengine yote. Baba husifiwa kwa majirani. Bibi husema, "Huyu hana ugonjwa." Wako pia wanaosema kinyume. Wao husema mtoto mkubwa ameingiwa na jambo baya, au mama alikula chakula cha mwiko.

Hao wote wanasema bila kuuliza sababu. Kilo nyingi peke yake si sifa. Wala si balaa. Ni habari. Habari hiyo inatutaka tuulize maswali mawili. Swali la kwanza: kwa nini mtoto huyu amekuwa mkubwa? Swali la pili: tumwangalieje yeye na mama yake?

Kwamba kilo nyingi si sifa, dunia imeliona hilo zamani. Katika Januari 1879, mama mmoja aitwaye Anna Bates alijifungua katika mji wa Seville, jimbo la Ohio, huko Marekani. Mama huyo alikuwa mrefu ajabu, zaidi ya mita mbili. Mume wake pia alikuwa hivyo. Mtoto wao alizaliwa na uzito wa karibu kilo 10. Lakini mtoto huyo aliishi saa 11 tu. Kilo zake hazikumsaidia.

Kwa nini mtoto huwa mkubwa?

Sababu ni nyingi. Nyingine hazina ubaya wowote.

Kuna ukoo wa watu wakubwa. Ikiwa baba na mama ni warefu na wenye mifupa mikubwa, mtoto naye huweza kuwa hivyo. Mbegu ya mahindi marefu huzaa mahindi marefu.

Tena, watoto wa kiume kwa kawaida huzidi kidogo uzito wa watoto wa kike. Na mtoto wa tatu au wa nne mara nyingi humzidi uzito yule wa kwanza.

Sababu nyingine ni mimba kupita siku zake. Mimba huchukua wiki 40 hivi. Ikipita wiki 42, mtoto huweza kuendelea kukua tumboni. Mimba ya namna hii ina hatari zake. Mama asikae nyumbani akingoja tu. Aende hospitali.

Sababu nyingine ni mama kuwa mnene kupita kiasi, au kunenepa mno wakati wa mimba.

Sababu inayotuhusu zaidi leo ni ugonjwa wa kisukari. Wako kina mama wenye kisukari kabla ya kupata mimba. Wako wengine ambao hupata kisukari wakati wa mimba tu, nacho hupoa baada ya kujifungua. Mara nyingi mama wa namna hii hajisikii mgonjwa. Analima, anapika, anachota maji. Dalili ya kwanza inayoonekana kwa watu wote inaweza kuwa huyo mtoto mkubwa kwenye mzani.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo. Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kisukari hakikuwamo. Siku hizi kisukari kipo mjini na kipo kijijini. Kwa hiyo na sisi tuongeze somo hili.

"Ameila wapi sukari?"

Tuchukue mfano. Mama amejifungua usiku katika kituo cha afya. Huyu ni mtoto wake wa nne. Mtoto ana kilo 4 na gramu 600. Asubuhi bibi, mama mzaa baba, amekuja na chupa ya uji na khanga mpya.

"Shikamoo bibi," muuguzi anasema.

"Marahaba mwanangu. Nipe mjukuu wangu twende nyumbani. Tazama dume hili! Huyu hana ugonjwa wowote."

"Hongera sana bibi. Mtoto ni mzuri. Lakini leo hatoki. Atakaa hapa na mama yake mpaka kesho."

"Kwa nini? Anayekaa ni mtoto mdogo. Huyu ni mkubwa."

"Mkubwa pia tunamwangalia, bibi. Amenyonya vizuri. Sasa nataka kumpima sukari tena."

"Sukari? Mtoto wa jana usiku, ameila wapi sukari?"

Swali la bibi ni zuri sana. Tulijibu.

Chakula tunachokula, kama ugali, wali, ndizi au mihogo, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo inayotupa nguvu za kulima na kutembea. Lakini sukari haiwezi kufanya kazi peke yake. Lazima itolewe kwenye damu na kuingizwa mwilini. Kazi hiyo hufanywa na kitu kiitwacho insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho. Kongosho ni kiungo kilichoko tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula.

Mama mwenye kisukari ana sukari nyingi mno katika damu. Mtoto aliye tumboni hulishwa kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Sukari ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Basi mtoto anapokea sukari nyingi, na kongosho lake dogo linalazimika kutengeneza insulini nyingi. Mtoto anatumia sukari anayohitaji. Inayobaki inageuka mafuta. Anajaa mabegani, tumboni na mashavuni. Hivyo ndivyo kilo zake zinavyoongezeka.

Sasa mtoto anazaliwa. Kitovu kinakatwa. Ile sukari ya mama imekatika mara moja. Lakini insulini yake bado ni nyingi. Inaendelea kuondoa sukari katika damu yake. Sukari inapungua haraka. Mtoto aliyekuwa na sukari nyingi tumboni sasa ana sukari kidogo mno duniani.

Hilo ndilo jambo ambalo muuguzi anaogopa. Ubongo wa mtoto mchanga unategemea sukari. Sukari ikishuka sana na kukaa chini, ubongo unaweza kuumia. Mtoto anaweza kupata degedege. Anaweza hata kufa. Na kwa macho, mtoto huyo ni mnene na mzuri.

Si kila mtoto mkubwa hupatwa na jambo hili. Wengi wao ni wazima kabisa. Lakini huwezi kujua kwa kumtazama mashavu. Ndiyo maana hupimwa tone la damu kutoka kisigino chake.

Saa 24 za kwanza

Ndugu msomaji, kama mtoto wako ana kilo 4 au zaidi, fanya mambo haya.

Kwanza, anyonye katika saa moja ya kwanza. Asingoje mama aoge. Asingoje bibi afike. Maziwa ya kwanza ni ya njano na mazito. Huitwa dang'a. Wengine huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Hilo ni kosa kubwa. Dang'a ni chakula na ni kinga. Humpa mtoto sukari anayohitaji kidogo kidogo.

Pili, anyonye mara kwa mara. Asikae zaidi ya saa tatu bila kunyonya, usiku na mchana. Akilala sana, mwamshe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku.

Tatu, apate joto. Mlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mfunike kwa khanga au blanketi, naye avae kofia. Mtoto akipata baridi hutumia sukari yake upesi. Asiogeshwe siku hiyo ya kwanza.

Nne, msiondoke haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama na mtoto wakae mahali pa kujifungulia kwa saa 24 angalau. Kwa mtoto mkubwa shauri hili lina uzito zaidi. Hatari kubwa ya sukari kushuka iko katika saa chache za kwanza.

Tano, tazama dalili za hatari. Dalili hizo ni hizi:

Mtoto anatetemeka mikono na miguu.
Mtoto amelegea, au analala tu na haamki kunyonya.
Mtoto ni wa baridi ukimgusa.
Mtoto anapumua mbio mbio, au anakoroma anapopumua.
Midomo au ulimi wake ni wa rangi ya buluu.
Mtoto anapata degedege.
Ngozi na macho yake yanakuwa ya njano.

Ukiona dalili moja tu, mwite muuguzi. Kama mko nyumbani, mpelekeni mtoto kituo cha afya saa hiyo hiyo. Njiani aendelee kunyonya kama anaweza, na alale kifuani kwa mama.

Na ikiwa mtoto amezaliwa nyumbani au njiani? Msiseme, "Amezaliwa salama, hakuna haja." Apelekwe siku hiyo hiyo akapimwe uzito na kuangaliwa. Mkono wa bibi unaweza kubashiri uzito. Mzani ndio unaojua.

Kilo zinapungua. Tufanye hesabu

Siku chache zinapita. Mtoto anapelekwa kliniki na kupimwa tena. Alizaliwa na kilo 4 na gramu 500. Sasa ana kilo 4 na gramu 200. Mama analia. "Mtoto wangu anakonda!"

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Kilo 4 na gramu 500 ni gramu 4,500.
Kilo 4 na gramu 200 ni gramu 4,200.
Toa. Mtoto amepungua gramu 300.

Je, hilo ni baya? Mtoto mchanga hupungua katika siku za kwanza, kwa sababu hutoa maji na choo cha kwanza cheusi. Anaweza kupungua mpaka sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Sehemu moja ya kumi ya gramu 4,500 ni gramu 450. Mtoto wetu amepungua gramu 300. Bado hajafika 450. Kama ananyonya vizuri na anakojoa mara nyingi, hana tatizo. Akifikisha wiki mbili hivi, atakuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa.

Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, au wiki mbili zikipita hajarudia uzito wake, muuguzi amtazame jinsi anavyonyonya.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema. Wanasema, "Mtoto mkubwa kama huyu hashibi maziwa ya mama. Mpeni uji. Mpeni maziwa ya ng'ombe." Si kweli. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, hata awe na kilo 5. Maziwa ya mama yanamtosha. Kadiri anavyonyonya zaidi ndivyo maziwa yanavyotoka zaidi. Apewe maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6. Hata maji asipewe. Uji kabla ya wakati humletea kuhara.

Na mama anayejifungua

Mpaka sasa tumezungumza habari za mtoto. Turudi nyuma kidogo, tumtazame mama wakati wa kujifungua.

Mtoto mkubwa hupita kwa shida. Uchungu unaweza kuchukua muda mrefu. Wakati mwingine kichwa kinatoka, lakini mabega yanakwama. Tumeona kwamba mtoto wa mama mwenye kisukari hujaa mabegani. Kwa hiyo yeye hukwama zaidi kuliko wengine. Mabega yakikwama, kuna dakika chache tu za kumwokoa mtoto.

Mkunga aliyesomea kazi hii anajua la kufanya. Humkunja mama magoti mpaka karibu na kifua ili njia ifunguke. Ana njia nyingine pia za kuyatoa mabega. Asiyesomea huvuta kichwa kwa nguvu au hukandamiza tumbo kutoka juu. Mambo hayo mawili ni hatari. Yanaweza kumuumiza mtoto shingo na mkono, na kupasua mfuko wa uzazi wa mama.

Mtoto akishazaliwa, tazama mikono yake yote miwili. Je, anaiinua sawasawa? Kama mkono mmoja umelegea na hauinuki, mweleze muuguzi. Huenda mishipa ya bega imevutika, au mfupa wa bega umevunjika. Watoto wengi hupona wakiangaliwa mapema. Msiukande mkono huo kwa nguvu. Msiuvute. Wala msiseme mtoto amerogwa.

Mama naye anaweza kuchanika na kuhitaji kushonwa. Tena anaweza kutokwa damu nyingi. Mfuko wa uzazi uliobeba mtoto mkubwa umetanuka sana. Wakati mwingine huchoka na kushindwa kukaza. Usipokaza, damu humwagika. Ndiyo maana muuguzi humchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi mara tu mtoto anapotoka. Mtoto kunyonya mapema pia husaidia mfuko huo kukaza. Mama akilowesha khanga moja baada ya nyingine, au akisikia kizunguzungu, hayo si mambo ya kungojea asubuhi.

Tena tunaonya juu ya dawa za miti za kuongeza uchungu. Kama mtoto ni mkubwa na hawezi kupita, dawa hizo hazifungui njia. Huzidisha nguvu ya uchungu mpaka mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Mama mwenye uchungu mrefu apelekwe hospitali. Kama ni lazima apasuliwe, atapasuliwa, naye atakuwa hai kumlea mtoto wake.

Msimnyime mjamzito chakula

Wengine wakisikia habari hizi watasema, "Basi dawa ni moja. Mjamzito ale kidogo ili azae mtoto mdogo, apate kupita bila shida." Kuna mahali ambapo kina mama hushauriwa hivyo. Wengine hukatazwa mayai, samaki au nyama.

Shauri hilo ni baya. Mama anayekosa chakula hupungukiwa damu. Mtoto wake huweza kuzaliwa na chini ya kilo 2 na nusu. Watoto wadogo namna hiyo hufa zaidi kuliko watoto wakubwa. Kukimbia hatari moja na kuangukia kubwa zaidi si akili.

Mjamzito ale vizuri. Ale maharage au kunde, mboga za majani, samaki, mayai au nyama akipata, matunda, na ugali au ndizi kwa kiasi. Vitu vya kupunguza ni vingine: soda, sukari nyingi katika chai, maandazi na vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi. Vitu hivyo ndivyo vinavyopandisha sukari na kunenepesha bure. Tena atembee na kufanya kazi za kadiri. Asibebeshwe mizigo mizito, lakini pia asilale kutwa nzima.

Mimba inayofuata

Namba iliyo kwenye kadi ina kazi nyingine. Itatumika katika mimba ijayo.

Mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa anaweza kuzaa mwingine mkubwa. Kwa hiyo akipata mimba tena, aende kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na watumishi wa afya angalau mara 8. Siku ya kwanza aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa: "Mtoto wangu aliyetangulia alikuwa na kilo 4 na gramu 600." Achukue kadi ya mtoto huyo aionyeshe. Aseme pia kama kuna ndugu wa damu mwenye kisukari, au kama aliwahi kuzaa mtoto mfu.

Kisha aombe kupimwa sukari. Wakati wa kawaida wa kupima ni kati ya wiki ya 24 na ya 28, lakini aliye na historia hii huweza kupimwa mapema zaidi. Kama zahanati haina kipimo, aulize ni wapi kilipo.

Akikutwa na kisukari, asikate tamaa. Zamani ugonjwa huu ulikuwa kama hukumu ya kifo. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 katika mji wa Toronto, nchini Kanada. Mgonjwa wa kwanza alichomwa sindano yake mwaka 1922. Tangu hapo, kina mama wenye kisukari wamezaa watoto wazima kila pembe ya dunia. Wengi wanaopata kisukari cha mimba huhitaji tu kubadili chakula na kufanya mazoezi. Wengine hupewa dawa. Sukari ya mama ikikaa sawa, mtoto hukua kwa kiasi chake.

Mama huyu asijifungulie nyumbani. Ajifungulie mahali penye mkunga aliyesomea, na karibu na hospitali inayoweza kufanya upasuaji. Kipimo cha picha ya tumbo kinaweza kukadiria uzito wa mtoto kabla hajazaliwa. Lakini ni makadirio tu, huzidi au hupungua. Kwa hiyo msidharau safari kwa sababu picha imesema mtoto si mkubwa sana.

Baada ya kujifungua, kati ya wiki ya 6 na ya 12, mama apimwe sukari tena. Kisukari cha mimba kinaweza kuondoka, kisha kikarudi baada ya miaka kikiwa cha kudumu. Apimwe kila baada ya muda kama daktari atakavyomwambia. Na mtoto wake apimwe uzito kila mwezi kliniki. Aliyezaliwa mkubwa kwa sababu ya kisukari cha mama anaweza kunenepa kupita kiasi baadaye, na hata kupata kisukari ukubwani. Asizoeshwe soda na pipi.

Baba naye ana kazi

Mambo haya si ya kina mama peke yao. Baba ajue uzito wa kila mtoto wake. Auandike kwenye daftari la nyumbani, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Aweke akiba ya fedha za safari tangu mimba ikiwa changa. Akubaliane mapema na mwenye pikipiki au gari. Uchungu hauchagui saa, na mvua hukata barabara. Baba aliyejiandaa huokoa watu wawili kwa siku moja.

Kijiji pia kinaweza kusaidia. Kwenye mkutano wa kijiji ulizeni: zahanati yetu ina mzani mzima? Ina kipimo cha sukari? Usiku mama akikwama, nani anaitwa? Maswali hayo yakijibiwa wakati hakuna mgonjwa, siku ya shida kila mtu atajua la kufanya.

Basi, ndugu msomaji, tulianza kwa swali: tufurahi au tuogope? Furahi. Umepata mtoto. Mpe jina zuri na kumshukuru Mungu. Kisha soma namba. Kama ni kilo 4 au zaidi, mnyonyeshe mapema, mpe joto, mwangalie kwa saa 24, na uulize sababu. Mama naye apimwe sukari. Kadi msiitupe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtoto mkubwa ni yule aliyezaliwa na kilo ngapi?
2. Taja sababu mbili za mtoto kuzaliwa mkubwa zisizo na ubaya, na sababu moja ambayo ni ugonjwa.
3. Bibi aliuliza, "Ameila wapi sukari?" Ungemjibu nini kwa maneno yako mwenyewe?
4. Mtoto alizaliwa na gramu 4,200. Siku ya nne ana gramu 3,900. Amepungua gramu ngapi? Je, amepita sehemu moja ya kumi?
5. Katika kijiji chenu, mama akipata uchungu usiku na mabega ya mtoto yakahofiwa kukwama, atafikaje hospitali? Andikeni mpango wenu na mumpe mwenyekiti wa kijiji nakala.